Gome la Mjafari Lina Nini Ndani Yake?



Nimepokea barua fupi kutoka Mingoyo, mkoani Lindi. Aliyeiandika ni msikilizaji ambaye kwa mwandiko wake nadhani ni mtu mzima, na ananiuliza swali moja bila kuzunguka. Anasema: wazee wetu walichimba mizizi, wakachemsha, wakanywa, wakapona. Leo nyinyi mnaosema redioni mnatuambia twende zahanati. Sasa nieleze, mizizi ile ilikuwa na dawa ndani yake, au ilikuwa na imani tu?

Swali hili limenishika kwa sababu Mingoyo ni kwetu. Nimekulia karibu na njia panda ya Mnazi Mmoja, pale barabara ya Masasi inapoachana na ile ya Mtwara, na bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa mizizi. Hakuwa mganga wa kupiga ramli. Alikuwa mwanamke aliyejua miti, kama walivyokuwa wanawake wengi wa rika lake, na majirani walikuja kwake mtoto akiwa na homa, au tumbo likimsokota mtu usiku. Nyuma ya nyumba yake ulisimama mjafari. Wasioujua mti huu wauone kwa maneno: shina lake limejaa vinundu vikubwa vyenye miiba, kama matiti ya mbwa anyonyeshaye, na ukilitafuna gome lake ulimi unakufa ganzi. Sisi watoto tulishindana nani ataliweka mdomoni muda mrefu zaidi.

Basi nimjibu ndugu yangu wa Mingoyo. Jibu ni kwamba dawa ilikuwamo. Lakini jibu hilo ni nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoua watu.

Tuanze na dawa yenyewe ilikotoka. Mti hauwezi kukimbia. Swala akiona chui hukimbia, kobe huingia gambani, lakini mti umesimama pale pale miaka hamsini, na funza, mchwa, kuvu, mbuzi na nyani wote wanautaka. Silaha yake ni sumu. Ndani ya gome, jani, mzizi na mbegu, mti hutengeneza vitu ambavyo wakemia huviita viambata: alkaloidi, ambazo aghalabu ni chungu, tanini, zile zinazokausha mdomo ukitafuna gome la mkoko, saponini, zinazotoa povu kama sabuni, glaikosidi, na nyingine nyingi. Mti haukuvitengeneza kwa ajili yetu. Umevitengeneza ili mdudu akiuma mara moja asirudi tena. Ila mwili wa mdudu na mwili wa mtu vimejengwa kwa matofali yanayofanana, na kile kinachomlemaza funza chaweza, kwa kiasi fulani, kumlemaza pia kijidudu cha malaria kilichomo ndani ya damu yako. Na kwa kiasi kingine chaweza kukulemaza wewe mwenyewe.

Kiasi. Naomba neno hilo ulishike mkononi.

Ule mjafari wa bibi, kwa mfano, umekwisha kuingia maabara. Katika miaka ya 1980 na 1990, Profesa Mayunga Nkunya na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na mtaalamu wa mimea Leonard Mwasumbi, walikusanya miti na magugu yanayotumiwa na waganga nchini kutibu homa. Walivikausha, wakavisaga, wakavitoa viambata vyake na kuvijaribu juu ya vijidudu vya malaria vilivyofugwa katika vyombo vya maabara. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 ilionekana kwamba hata ndago, lile gugu linalomsumbua kila mwenye bustani, lina nguvu dhidi ya vijidudu hivyo. Mwaka 1994, safari hii wakishirikiana na wenzao wa Uswisi, walitoa matokeo ya mimea 43, na mjafari ulikuwa miongoni mwa ile iliyofanya vizuri zaidi. Kwa hiyo bibi yangu, ambaye hakujua kusoma, hakuwa akibahatisha.

Lakini ngoja. Kuua kijidudu ndani ya chombo cha kioo si sawa na kukiua ndani ya mtu. Hata siki au sabuni ya kufulia itakiua kijidudu cha malaria ukiimimina juu yake. Ndani ya mwili dawa lazima ipite tumboni bila kuharibiwa na tindikali, iingie katika damu, iponyoke katika ini ambalo kazi yake ni kuvunjavunja vitu vigeni, na ibaki huko kwa kiasi cha kutosha na kwa saa za kutosha. Na wakati wote huo isimdhuru mwenye mwili. Viambata vingi vinavyong'ara katika kioo hufia njiani. Ndiyo maana tangu mwaka 1994 hadi leo hujaona vidonge vya mjafari katika duka la dawa.

Sasa niseme jambo la nyumbani. Mwaka 1978, wakati wa masika, mdogo wangu wa kiume alishikwa na homa. Alikuwa na umri wa miaka minne. Bibi alichimba mzizi wa mjafari upande wa mashariki wa mti, maana alikuwa na utaratibu wake wa kuchimba, akauosha, akauchemsha katika chungu chake kidogo cha udongo, akampa kijiko asubuhi na kijiko jioni. Siku ya kwanza homa ilishuka. Mama alifurahi, akaenda shamba. Siku ya tatu alasiri mtoto alikakamaa, macho yakageuka juu, povu likamtoka. Wazee waliokuwapo wakasema degedege. Wengine wakataka afukizwe moshi, mmoja akasema apelekwe kwa fundi wa mashetani ng'ambo ya mto.

Bibi alikataa. Nilikuwapo, nilikuwa na miaka kumi na moja, na maneno yake nayakumbuka. Alimwambia mama, "Mwanangu, mzizi wangu unaishia hapa. Mchukueni." Mjomba alimbeba begani hadi barabarani, wakapata lori la mkonge, wakafika hospitalini Lindi usiku. Alitundikiwa dripu ya kwinini. Alipona, ingawa kwa siku kadhaa alilalamika kwamba masikio yake yanavuma kama mtu aliyeweka koa la bahari sikioni, na hilo ndilo jambo ambalo kwinini humfanyia mtu.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipotambua kichekesho kilichomo katika kisa hiki. Kwinini yenyewe ni gome. Inatoka katika gome la mti wa sinkona, ambao kwao ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, na kiambata chake kilitenganishwa mwaka 1820 na Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou. Kwa hiyo mdogo wangu alitolewa katika gome la bibi akapelekwa katika gome jingine. Tofauti ilikuwa kwamba la pili lilikuwa limepimwa. Daktari alijua ni miligramu ngapi zimo katika ile chupa, alijua mtoto ana kilo ngapi, na alijua baada ya saa ngapi amwongezee. Bibi alijua kijiko. Kijiko chake kilikuwa kilekile, lakini mzizi haukuwa uleule.

Maana hili nalo lazima tulijue. Mti mmoja na mti wa pili, hata wakiwa majirani, hawana kiasi sawa cha viambata. Udongo hubadilisha. Kiangazi na masika hubadilisha. Gome la mti mkongwe si gome la mche. Jani laweza kuwa tupu wakati mzizi umejaa. Hata namna ya kutayarisha hubadilisha: viambata vingine huyeyuka katika maji, vingine katika mafuta au pombe tu, na vingine moto huviharibu. Bibi alikuwa na mizizi ya kuchemsha na majani ya kulowesha katika maji baridi usiku kucha, na alikuwa mkali sana mtu akivichanganya. Sisi tulidhani ni mwiko wa kizee.

Hebu tutazame China kidogo, halafu tutarudi Lindi. Mwaka 1971 mwanasayansi wa Kichina, mama Tu Youyou, alikuwa akitafuta dawa ya malaria katika mimea ya asili ya kwao. Mmea mmoja wa jamii ya pakanga ulimpa matokeo yasiyoeleweka, leo mazuri, kesho hakuna kitu. Akarudi katika kitabu cha tabibu Ge Hong, kilichoandikwa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, akaona kwamba mzee yule hakusema uchemshe. Alisema uloweke katika maji, ukamue, unywe. Tu akatambua kwamba moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa. Akaitoa kwa etha katika joto dogo, na hapo ikapatikana ile inayoitwa artemisinini. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Na dawa mseto ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwishoni mwa mwaka 2006, ile ambayo ndugu yangu wa Mingoyo akienda zahanati akapimwa na kukutwa na malaria hupewa vidonge vyake kwa siku tatu, nusu yake inatokana na mmea ule. Kwa hiyo anayekwambia uende zahanati hakukwambia uache miti. Amekwambia uende kwenye mti ambao kipimo chake kinajulikana.

Na hata mmea huohuo, ukiunywa kama chai, Shirika la Afya Duniani halikubali. Chai ile hutoa kiasi kidogo na kisicho na hakika. Homa hushuka, vijidudu dhaifu hufa, vyenye ubishi hubaki na kuzaana. Utakumbuka kwamba Mei 2020, wakati wa maradhi ya UVIKO-19, ndege yetu ilikwenda Madagaska kuchukua kinywaji kilichotengenezwa kwa mmea wa jamii hii. Mwezi ule kila nyumba ilikuwa na sufuria ya nyungu. Mimi mwenyewe nilijifunika blanketi nikatoka jasho, nikaona raha ya kifua kufunguka, na mafuta yenye harufu yaliyomo katika majani ya mkaratusi na mchaichai kweli hufungua pua. Lakini pua kufunguka ni jambo moja na kirusi kufa ni jambo jingine.

Turudi kwetu kusini, maana hapa ndipo nusu ya pili ya jibu langu inapokaa.

Wazee wa Mingoyo wanaujua mwavi. Ni mti mkubwa wa msituni, na jina lake limekuwa pia jina la kile kiapo. Mtu akituhumiwa uchawi alinyweshwa maji ya gome lake. Akitapika, hana hatia. Akianguka, basi amehukumiwa. Serikali za kikoloni zilipiga marufuku jambo hilo, na haki kabisa. Lakini tuulize, ndani ya gome la mwavi mna nini? Mna alkaloidi zinazokwenda moja kwa moja kwenye moyo. Katika kila chembe ya nyama ya moyo mna kama pampu ndogo inayotoa chumvi nje na kuingiza potasi ndani. Viambata hivi huizuia pampu ile. Kidogo tu, na moyo hupiga kwa nguvu zaidi. Vikizidi, moyo hupoteza mpangilio, hutetemeka, husimama. Aliyetapika mapema alikuwa ameitoa sumu kabla haijaingia katika damu. Na aliyelipima gome na maji ndiye aliyekuwa na hukumu mkononi kabla kikombe hakijafika mdomoni kwa mtuhumiwa.

Kiambata kingine cha tabia hiyohiyo kiliingia hospitali za Ulaya kutoka pande zetu hizi. Ni sumu ya mishale iliyoitwa kombe, iliyotengenezwa kwa mbegu za mtambaa wenye maua ya mikia mirefu, ambao huota kutoka pwani yetu hadi bonde la Zambezi na Shire. Daktari John Kirk, yule ambaye baadaye alikuwa mwakilishi wa Uingereza Unguja kwa miaka mingi, alikuwa pamoja na Livingstone katika safari ya Zambezi iliyoanza 1858. Inasimuliwa kwamba alitia sumu ya kombe katika mfuko uleule aliouweka mswaki wake. Alipopiga mswaki aliona mapigo ya moyo wake yanapungua. Mtu mwingine angetupa mswaki akashukuru Mungu. Kirk alichunguza. Mbegu zilifika Edinburgh kwa Profesa Thomas Fraser, naye akatoa kiambata kilichoitwa strofanthini, na mwaka 1885 akawaeleza madaktari wenzake namna ya kuitumia kwa wenye moyo dhaifu. Kwa miongo mingi ilitumika hospitalini, hasa kwa sindano. Mwindaji aliyemfundisha Kirk jina la kombe hakuandikwa popote kuwa mgunduzi.

Jambo hili la nani anayeandikwa lina kisa kikubwa zaidi, tena cha karibu. Katika vilima vya Shimba, Kwale, pwani ya Kenya, mna mti wa jamii moja na kichaka cha miiba ambacho nacho kilikuwa katika ile orodha ya Dar es Salaam ya 1994. Wadigo wa huko waliutumia kutibu uvimbe. Mwaka 1972 mkemia Mmarekani, Kupchan, alitangaza kwamba katika mti wa jamii hiyo kutoka Ethiopia amepata kiambata kinachoua chembe za saratani, akakiita maytansini. Taasisi ya saratani ya Marekani ikataka mti mwingi. Katika miaka hiyo ya 1970 zaidi ya tani 27 za mti wa Shimba zilikatwa zikasafirishwa. Sasa piga hesabu: kilo nzima ya mti haitoi hata miligramu mbili za maytansini. Katika tani zote zile huwezi kupata zaidi ya kiasi cha kujaza kikombe cha kahawa.

Wakaijaribu kwa wagonjwa. Ilikuwa kali mno, wakaacha. Ilikaa kabatini miaka mingi, hadi wataalamu walipoigeuza kidogo na kuifunga kwenye kingamwili inayoitafuta chembe ya saratani ya matiti na kuiacha chembe nzima, na mwaka 2013 dawa hiyo ikaruhusiwa Marekani. Sasa malighafi yake hutokana na bakteria wanaokuzwa katika matangi, haihitaji tena mti. Nimefurahi kwa ajili ya miti ya Shimba. Lakini wapo waliolalamika, na mimi ni mmoja wao, kwamba tani zile zilipoondoka hapakuwa na makubaliano yoyote na Wadigo wala malipo kwa maarifa yao. Itifaki ya Nagoya, inayosema mwenye maarifa aulizwe kwanza na agawiwe faida, ilipatikana mwaka 2010, miaka zaidi ya thelathini baadaye.

Na Lindi je? Misitu ya Lindi, Rondo juu na Litipo kando ya ziwa Lutamba, ina miti isiyoota mahali pengine popote duniani. Mwaka 1934 na 1935 Mjerumani Schlieben alikusanya hapo Lutamba na juu ya uwanda wa Wamwera mimea mingi mno, akaipeleka Berlin. Mwaka 1936 mtaalamu Diels wa Berlin aliuelezea mti mmoja wa misitu ya pwani ya Tanzania na Kenya, wa jamii moja na mtopetope, na akaupa jina la Jenerali von Lettow-Vorbeck, Lettowianthus. Jenerali huyo ndiye aliyepigana na Waingereza Mahiwa, Oktoba 1917, si mbali na kwetu, katika vita vilivyochinja maelfu ndani ya siku nne, na wengi wao walikuwa Waafrika walioletwa kupigania bendera mbili za watu wengine. Askari wake walipokosa vidonge vya kwinini walichemshiwa magome ya sinkona kutoka Usambara, wakayanywa yakiwa machungu mpaka wakayapa jina la utani, pombe ya Lettow. Ukicheka, cheka, lakini ndivyo bibi yangu alivyofanya na mjafari wake: gome, maji, moto. Mwaka 2000 Profesa Nkunya na wenzake walichapisha alkaloidi walizozipata katika mti huo wenye jina la jenerali. Mti wa kwetu, jina la mgeni. Walau mkemia safari hii alikuwa wa kwetu.

Sasa swali la imani, maana ndugu yangu aliliuliza na sitalikwepa. Mwaka 2011 nchi nzima ilielekea Loliondo, kijiji cha Samunge, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, tuliyemwita Babu. Kikombe kimoja, shilingi mia tano, magonjwa yote. Foleni ya magari ilikwenda kilometa nyingi porini. Mti uliochemshwa, mugariga, una viambata vyake kama mti mwingine wowote, na wataalamu walisema kikombe kile hakikuwa na sumu ya kutisha. Lakini wapo wagonjwa walioacha dawa za UKIMWI na za kisukari wakiamini wamepona. Na kuna jambo halikusemwa sana wakati ule: mugariga una jamaa yake wa ukoo mmoja, anayefanana naye sana kwa jani na tunda, ambaye ni mti wa sumu ya mishale. Mtu asiyejua akienda kuchimba mwenyewe ili naye afungue kikombe chake, anaweza kuchimba kaburi.

Hiyo ndiyo hofu yangu kubwa siku hizi, kuliko imani. Bibi alijua mjafari ni upi na mwavi ni upi, hata gizani, kwa kunusa. Alijua mjamzito asipewe nini. Kizazi kile kinaondoka, na mahali pake wamekuja vijana wenye chupa za plastiki katika vituo vya mabasi, chupa isiyo na jina, unga wa rangi ya kahawia, unaotibu tumbo, mgongo, nguvu za kiume na mikosi. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtaka mganga aandikishwe na dawa yake isajiliwe. Huko Muhimbili ipo Taasisi ya Tiba Asili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, na kazi yake ni hiyo ya kuchunguza na kupima. Ukiuziwa chupa, uliza imesajiliwa wapi. Ukinywa mzizi, mwambie daktari umekunywa mzizi gani, na asikukemee. Daktari anayemkemea mgonjwa kwa hilo anamfundisha kuficha, na mzizi uliofichwa ukikutana na kidonge ndani ya ini, figo hulipa. Na mtoto mwenye homa apimwe damu siku hiyohiyo, asingoje siku ya tatu kama tulivyongoja sisi.

Mdogo wangu yu hai. Ana wajukuu. Mwaka jana tulikwenda pamoja Mingoyo kwa ajili ya msiba, na tulipopata nafasi tukazunguka nyuma ya nyumba ya marehemu bibi. Mjafari upo bado, lakini upande wa mashariki mizizi imechimbwa na watu tusiowajua, wamechukua mingi kuliko inavyostahili, na gome la upande huo limebanduliwa toka chini hadi usawa wa kifua. Majani ya juu upande ule yamekauka. Binamu yangu anayekaa hapo alisema huja usiku, na kwamba kule Rondo njia ya kuipata imekuwa mbali kwa sababu mashamba ya ufuta yamesogea. Tuliufukia mzizi uliokuwa wazi kwa udongo na majani makavu, tukauzungushia matawi ya miiba. Mdogo wangu alikwangua kipande kidogo cha gome, akakiweka ulimini, akasimama pale amefumba macho akingoja ganzi.